Rangi Uliyoiacha Chini ya Kava

Mwanangu Emiliana,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili unapanga nguo, na zipu ya begi inakwama palepale ilipokwama jana. Ibane chini kwa kidole, uivute taratibu. Mimi ni mzima, mkono tu ndio unaouma, kwa sababu sijashika kalamu muda mrefu hivi tangu siku niliyotia sahihi karatasi za kiwanja pale Maisaka. Yule karani alinisogezea kidau cha wino niweke dole gumba. Nikamwambia, kijana, mimi nimefika darasa la nne, tena darasa la nne la zamani, lete kalamu. Nikaandika Fabiano, herufi zote. Akakirudisha kidau chake.

Mama yako amepita hapa akauliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia mkuu wa mkoa. Akasema, "Haya, msalimie," akaenda zake jikoni.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako. Jumapili ile tulipotoka kanisani ulisimama kwenye mlango wa gereji ukaniuliza, "Baba, lile kava la injini ya pikipiki yako nililolivua rangi utalifunga kabla sijaondoka, au hulifungi?" Nikajifanya nasikiliza redio. Redio haikuwa na betri na wewe ulijua haina, maana betri ulizitoa wewe ukaweka kwenye tochi. Ukageuka ukaenda. Tangu hapo hujauliza tena, na mimi sijajibu, na kesho asubuhi unapanda basi la Singida.

Nililielewa swali. Ulitaka kujua kama baba yako anakuhesabu fundi, au anakuhesabu mtoto aliyekuwa akimshikia spana. Jibu lipo. Lakini barua ni yangu na nitalitoa nikifika.

Mambo ya kula, kulala, kusali, nani umfungulie mlango na nani usimfungulie, mama yako ameshayasema. Ameyarudia mpaka kuku wa uani wanayajua. Mimi nina mambo ya rangi.

Tulipopewa mkoa wetu wa Manyara wewe ulikuwa unakaribia kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo unakumbuka. Babati ilikuwa kama nyumba ya mtu anayengoja wageni. Kila ukuta ulipakwa chokaa. Waliokuwa na baa wakaandika hoteli. Wakaja watu wa ofisini kutoka kila upande, na pikipiki zikaja nao, na wenyeji waliokuwa na pikipiki kuukuu wakaona aibu. Bwana shamba, katekista, mwalimu mkuu, wote wanataka kitu king'ae. Nani aliwang'arishia? Baba yako. Mimi ndiye niliyeleta rangi ya silva ya kupaka injini katika mji huu. Wako wanaosema ni yule Mpare aliyekuwa karibu na soko. Mwongo. Yeye aliona kwangu.

Nilikuwa nachukua injini imetapakaa oili na vumbi, nafuta kwa petroli, napiga brashi ya silva bloku nzima, kava la klachi, kava la sumaku, kila mahali. Mwenye pikipiki akija anauliza, "Fundi, hii ni yangu?" Namwambia, washa uone. Siku za sikukuu foleni ilifika mpaka duka la spea la Mzee Hamisi, naye akawa analalamika kuwa wateja wangu wanamzibia mlango, huku anawauzia plagi.

Kitu ambacho sikukifikiri, na nakiandika hapa kwa mkono wangu, ni yale mapezi ya bloku. Injini ya pikipiki haipozwi kwa maji. Ina yale mapezi tu, upepo upite katikati uchukue joto. Mimi nikayajaza silva. Mteja akarudi mwaka wa pili, rangi imebabuka, nikampakia nyingine juu yake. Wa tatu vilevile. Zikaanza kuja pikipiki zinazochemka, zinazokufa mlimani, pistoni zimeshika. Nikawa natoa rangi. Basi nusu ya rangi niliyoivua Babati niliipaka mimi mwenyewe. Nitajie fundi mwingine aliyejitengenezea kazi pande zote mbili namna hiyo.

Sasa habari ya magadi. Unaijua kwa mdomo wa mama yako, naye huisimulia akiwa anacheka, hivyo anaruka mambo. Sikiliza ya kwangu.

Kulikuwa na bwana mifugo, kijana wa Kigoma, mpole, ofisi yake ilikuwa njia ya Nangara. Aliniletea kava la klachi lenye rangi nene kama gome. Nimejaribu kisu, nimejaribu msasa, vidole vinatoka damu. Nikakaa nikawaza. Hapa kwetu magadi ya ziwani yanalainisha maharage magumu, yanautia ugoro ukali, yanatoa mafuta kwenye sufuria la harusi mpaka unajiona usoni. Kwa nini yasitoe rangi? Nikachukua sufuria kubwa la mama yako, nikajaza maji, nikamwaga magadi bila kipimo, nikaweka moto.

Mama yako akatoka. "Baba Emi, unapika nini?"

"Kava."

"Kwa magadi?"

"Kwa magadi."

"Magadi ndiyo yaliyonitoboa sufuria alilonipa mama. Hilo kava lako ni la chuma gani kisichotoboka?"

Nikamwambia mambo ya injini aniachie mimi. Alumini ya sufuria na alumini ya injini ni ndugu, mtoto yeyote anayeosha vyombo anajua, na mimi fundi niliyejenga injini nikiwa nimefumba macho sikutaka kujua. Maji yakaanza kutoa povu. Nikafurahi! Nikasema, tazameni, inafanya kazi. Nikaenda zangu kunywa chai kwa Mzee Hamisi na kumsimulia kwamba nimegundua dawa. Niliporudi rangi ilikuwa imetoka yote. Na kava lilikuwa jeusi kama chungu, na uso wake wa kukalia gasketi umechimbika kama mtu aliyeugua ndui. Na sufuria la mama yako linavuja.

Nililifunga hivyohivyo, nikalipaka silva juu. Oili ikapita pembeni kabla yule kijana hajafika kwake. Basi nikalifungua tena, nikalifunga kwenye kitambaa nikaenda ofisini kwake, nikaliweka mezani. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Fundi, hiki umekipika?"

"Nimekipika."

"Na chumvi ulitia?"

Ofisi nzima ikacheka. Mzee Hamisi alimwagizia kava lingine Arusha, likaja, nikalifunga vizuri, akaendesha miaka. Lakini tangu siku ile nikipita njia ya Nangara kuna watu wananiita Mpishi. Wewe ulikuwa unadhani ni jina la utani la zamani la shuleni, siku moja ukaitika wewe kwa niaba yangu, "Mpishi hayupo." Mama yako nusura aanguke.

Hayo mama yako anayasimulia. Asiyoyasimulia ni yaliyofuata, kwa sababu yalikuwa kichwani mwangu. Baada ya magadi nilijiwekea sheria: kitu chochote kinachotoa rangi upesi ni adui wa alumini. Nikarudi kwenye maji ya moto na sabuni, na kukwangua kwa kipande cha dumu la plastiki nilichokata kwa msumeno na kukinoa kwenye jiwe. Plastiki haikwaruzi alumini kama kisu. Hiyo niliibuni mimi, na ukiona mtu Singida anaitumia, jua imetoka Babati. Ni kazi ya siku nyingi kwa kava moja. Lakini kava linatoka jeupe, halina alama. Wewe ulijifunzia hapo, umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ulimi umeutoa nje kama mbuzi mwenye kiu. Ulipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja vile yalivyokuja, hukulia. Ulikuja ukakaa kwenye ndoo.

Sheria ile ilinifaa. Ndiyo shida yake. Kitu kikikufaa mara nyingi unaacha kukitazama.

Tuje kwenye pikipiki yangu nyekundu, niliyoinunua kwa padri aliyekuwa anahama. Hiyo nilikuwa naipaka silva kila Krismasi, bila kukosa, nikiona wivu nisipoipaka. Na kila nikipanda ukuta wa Dareda, ule mlima mkali, na mzigo inachoka palepale, kwenye ile kona yenye jiwe lililopasuka. Nashuka, nakaa kwenye jiwe, naingojea ipoe. Wapita njia wananijua. Kuna mama mmoja wa pale juu alikuwa akiniletea maziwa, akidhani ni desturi yangu. Nikawa nalaumu petroli. Nikalaumu kabureta. Nilikwisha kuilaumu hata hali ya hewa ya Mbulu.

Siku moja wewe ukaingiza ukucha kati ya pezi na pezi, ukabandua ganda la rangi nene kama ngozi ya muhogo, ukanionyesha. Ukasema, "Baba, umeivalisha injini koti."

Koti! Mbele ya wateja. Mzee Hamisi alikuwepo, akarudia, "Koti," akaenda kulisambaza sokoni. Nikakuambia kwamba nilikuwa nafunga injini kabla mama yako hajajua kuna mtu kama wewe. Ukarudi kwenye ndoo yako. Kesho yake nikakuta umeshusha bloku na makava, umeyapanga kwenye gunia. Ukasema utayavua rangi wewe, na hutatumia maji ya sabuni, utatumia ile dawa ya kopo uliyoagiza kwa dereva wa lori. Unaipaka kwa brashi, unafunika na nailoni isikauke, unangoja, rangi inavimba yenyewe na kujikunja.

"Inavimba kwa muda gani?" nikauliza.

"Muda wa kunywa chai tu, Baba."

Nikasikia muda wa kunywa chai, nikaona sufuria linatoa povu.

Ulijaribu kunieleza. Ulisema magadi yanakula alumini yenyewe na hii inakula rangi peke yake. Ulisema umeijaribu kwanza kwenye kava bovu, lipo pale nje mlangoni, nikalitazame. Sikulitazama. Nikuambie ukweli, nilikuwa nalitazama kila ulipokwenda chooni. Lilikaa juani na kwenye mvua pale mlangoni, halikupata doa. Nikasema moyoni, litapata. Halikupata.

Ukafanya kazi yako uani, umevaa glovu zile ndefu na kitambaa puani kama nesi. Mimi nikapita nikasema fundi wa kweli mikono yake ndiyo glovu. Neno hilo nalirudisha. Ile dawa ilinidondokea kwenye mkono siku moja nilipokuwa naichungulia kwa siri. Inaunguza vibaya sana. Vaa glovu.

Ulipomaliza ukaniwekea makava na bloku mezani kwangu. Nikayafunga kwenye gunia, nikayasukuma chini ya meza. Nikaanza kwenda kwa miguu. Mzee Hamisi ananiuliza kila asubuhi, "Mzee Fabiano, pikipiki iko wapi?" Namwambia daktari amesema nitembee. "Daktari gani?" Wa macho, nikamwambia.

Ndipo akaja yule mtu wa Singida.

Wewe ulikuwa unafanya kazi ya bloku ya mwalimu, hukumwona alivyokutazama. Mimi nilimwona. Alishuka kwenye gari lake na pikipiki imelala nyuma, akataka kuuliza njia, hakuiuliza. Akasimama akitazama ule mkono wako unavyopitisha kipande cha dumu kati ya mapezi bila kugusa uso wa gasketi. Akaniambia taratibu, "Mzee, gereji yangu ina mafundi sita na hakuna hata mmoja anayejua kuacha. Wote wanajua kukwangua. Huyu binti nampataje?"

Nikamwambia, "Huyo hauzwi."

Ukasikia. Ukainua kichwa ukasema, "Baba, mimi si spea."

Yule bwana akacheka, nikacheka na mimi ili nisibaki peke yangu. Halafu akakaa, akaongea na wewe kama anavyoongea mtu na fundi, akakuuliza kuhusu dawa, kuhusu matundu ya oili, na ukamjibu. Mimi nilikuwa nasikiliza. Kuna majibu mawili ambayo nisingeyajua. Mama yako akampigia dada yake anayekaa Singida, akauliza habari za yule mtu, zikaja nzuri. Ikawa unaondoka. Na mimi nikawa mkali, nikawa nagomba kwa sababu ya chai, kwa sababu ya mlango, kwa sababu ya kuku. Ulidhani nakukataza kwenda. Sikukataza. Nilikuwa natafuta kosa kwenye kazi yako, maana nikilipata basi bado hujaiva, na asiyeiva haondoki nyumbani kwao. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nayo.

Leo ulipokwenda Mutuka kumuaga shangazi yako nikatoa gunia chini ya meza.

Nilitoa yote juani. Nikatazama uso wa kava la klachi, nikapitisha kioo cha dirisha juu yake. Umekaa sawa, hauchezi. Nikatazama mapezi, moja moja, mpaka ndani kabisa ambako brashi haifiki. Safi. Nikasema, nitakukamata kwenye matundu. Mafundi wengi wanasafisha nje panang'aa, halafu mchanga na maganda ya rangi yamebaki kwenye njia ya oili, injini inakufa baada ya wiki na hakuna anayejua kwa nini. Nikaenda kuchukua pampu ya baiskeli nipulize. Nikakuta kila tundu umeliziba kwa kigingi cha mti wa mpera, umekichonga mwenyewe, umekipaka grisi, kimekaa kama kimezaliwa humo. Sijakufundisha hiyo. Hakuna aliyekufundisha hiyo. Nikavitoa, nikapuliza, upepo ukapita na hakutoka kitu. Nilipuliza mpaka mama yako akauliza kama natia upepo magurudumu ya treni.

Hapo nilikuwa nimekasirika kabisa.

Nikaligeuza kava chini juu, na nikalipata! Pale chini, upande wa kukanyagia breki, pasipoonekana na mtu, umeacha rangi. Kipande cha silva ya zamani, kikubwa kama kifungo cha koti. Nikapiga kelele. Nikamwita mama yako, "Njoo uone, mwanao ameacha rangi!" Akaja anafuta mikono. Akaniambia, "Vaa miwani kwanza."

Nikavaa miwani.

Unajua nilichokiona. Dole langu. Siku ile ya kwanza kabisa nilipoipaka silva, kabla haijakauka, nilikuwa nimelishika kava kwa chini, na dole gumba likajichora humo, na lile kovu langu la kukatwa na cheni limepita katikati kama barabara. Miaka yote lilikuwa chini ya rangi niliyoongeza juu yake. Wewe umebandua tabaka moja moja, la juu, la katikati, mpaka ukafika kwenye la kwanza, ukaliona, ukasimamisha mkono. Dawa inakula upesi, ulisema mwenyewe, muda wa kunywa chai. Kusimama hapo hasa, kwenye tabaka hilo hasa, usiguse hata ukingo wa lile dole, mimi siwezi. Naandika tena ili usidhani nimekosea herufi. Mimi siwezi.

Mama yako akasema, "Ameliona siku nyingi. Aliniuliza kama ukilikuta utamgombeza." Nikamwambia jua limeniingia machoni. Akasema miwani inazuia jua. Huyo ndiye mama yako.

Nikafunga injini. Nimefunga mwenyewe, kila nati, kwa utulivu. Nikapakia gunia la mahindi nyuma ili isiseme nimeionea huruma, nikaelekea Dareda. Vumbi tupu. Nikaanza kupanda ukuta na jua la mchana liko kichwani. Nikafika kwenye kona ya jiwe lililopasuka. Nikapunguza mwendo, maana miguu yangu ilishazoea kushuka pale. Ikapita. Ikavuta kama ng'ombe aliyeona nyumbani. Yule mama wa maziwa alikuwa ameketi nje, akaniona napita bila kusimama, akainuka akashika kiuno. "Mzee! Leo vipi?" Nikamwambia nimevua koti. Hakuelewa. Nikaenda mpaka juu kabisa, nikazima, nikaweka kiganja karibu na bloku. Joto la kazi tu, lile la haki. Nikakaa huko juu kidogo. Ziwa lote la Manyara linaonekana kule mbali, na mtu anaweza kukaa akitazama bila kuulizwa anatazama nini.

Niliporudi nikaifunika turubai. Jioni ulipoingia kutoka Mutuka ulipita uani, ukaweka mkono juu ya lile turubai, ukauacha pale kidogo, kisha ukaingia ndani ukamsalimia mama yako. Nadhani ulisikia joto. Hiyo ya kunyamaza na kungoja mtu aseme mwenyewe umeichukua wapi sijui, kwangu huikuti.

Basi jibu ni hili. Wewe ni fundi. Ulikuwa fundi kabla ya leo, mimi ndiye niliyechelewa. Wewe ni wa pili katika mkoa wote wa Manyara, na ukishavuka mpaka kuingia Singida wewe ni wa kwanza, kwa sababu mimi sitakuwepo.

Maisha yangu yote nimejisifu mwenyewe, kwa sauti, na sijutii, kwani nani mwingine angenisifu? Lakini nimegundua kwamba nilijisifu mpaka pumzi ikawa inaniishia kabla ya zamu ya mwingine. Mama yako alijua habari ya sufuria. Wewe ulijua habari ya koti. Nyote wawili mlisema mara moja, mkanyamaza, mkaniacha niende nikakae kwenye jiwe. Kule unakokwenda utakuwa na vijana chini yako siku moja, wala haiko mbali. Wako atakayekuambia kitu cha kipuuzi mbele ya wateja. Nenda ukatazame ukucha wake una nini. Ukikasirika, kasirika, damu yangu unayo, lakini tazama.

Na ukiharibu cha mtu, kifunge kwenye kitambaa umpelekee mwenyewe mezani. Watakuita Mpishi. Jina haliumi sana. Mimi nimekula nalo, nimejenga nalo, nimekulea nalo.

Vigingi vya mpera nimeviosha nikavifunga kwenye kitambaa, viko ndani ya kile kisanduku cha bluu pamoja na kipande changu cha dumu, kile cha kwanza, chenye alama za meno. Meno ni yako. Ulikuwa ukikibana kwa meno mikono yote ikiwa na sabuni, nacho kilikuwa kikali upande mmoja tu, usimwambie mama yako.

Sasa kesho. Begi na kisanduku mama yako atavipeleka stendi kwa mkokoteni wa yule jirani. Wewe usipande mkokoteni. Pikipiki itakuwa nje, nimeijaza mafuta. Unajua katika mji huu hakuna aliyewahi kuniona nimekaa nyuma ya mtu. Padri alitaka kunibeba nikakataa, nikatembea. Hata siku niliyovunjika mguu niliendesha mwenyewe kwenda hospitali, na ile hadithi ni ya kweli, usimsikilize Mzee Hamisi. Kesho utaendesha wewe. Nitakaa nyuma. Tutapita njia ya Nangara ingawa si ya karibu, polepole, watu wakiwa wanafungua maduka, na atakayeita Mpishi umpigie honi. Kisha tutapita mbele ya Mzee Hamisi. Pale simama kidogo, aone vizuri nani ameshika usukani.

Kwenye kona usiinamie sana. Mimi sijazoea kushikilia mtu.

Jina langu nimeandika mwenyewe hapa chini, herufi zote. Na pembeni yake nimeweka dole kwa grisi. Yule karani wa Maisaka asije akajua.

Baba yako,
Fabiano